Dima ya Ukingo wa Nyuma kwa Taa za LED: Tathmini Kutoka Sebule ya South B

Mtu aliyebadilisha taa za sebuleni kutoka halojeni hadi LED na kuiacha dima ya zamani (kifaa cha kupunguza mwanga) ukutani hukutana upesi na moja ya mambo matatu: taa zinacheza, zinavuma, au zinazimika ghafla kabla kitufe hakijafika mwisho wa kuteremka. Tathmini hii inahusu dima iliyowekwa ili kuyaondoa matatizo hayo katika nyumba ya mawe iliyoko South B, Nairobi. Ni dima ya kuzungusha, ya aina ya ukingo wa nyuma, yaani inayokata mwisho wa kila pigo la umeme kama nitakavyoeleza, yenye skrubu ndogo ya kurekebisha kiwango cha chini cha mwanga, na kwenye boksi lake imeandikwa kwamba inahimili mzigo wa LED kuanzia wati 5 hadi wati 150. Imefanya kazi vizuri na ningeinunua tena. Hata hivyo, sehemu kubwa ya sifa ninazoipa zinategemea balbu zilizo upande wa pili wa waya, na mnunuzi asiyezijua balbu zake anaweza kulipia dima nzuri kisha akabaki na matatizo yale yale.

Sebule yenyewe ina dari ya jipsamu yenye taa sita za kuzamishwa, zote za mguu wa pini mbili uitwao GU10. Zamani kila moja ilikuwa na balbu ya halojeni ya wati 50, yaani wati 300 kwa jumla, mzigo uliomaliza tokeni za umeme upesi na kuipasha dari joto. Balbu sita za LED za wati 7 zilizochukua nafasi hiyo hutumia wati 42 tu. Dima iliyokuwapo iliandikwa mgongoni wati 60 hadi 400, na kwa halojeni haikuwahi kusumbua. Baada ya LED kuwekwa, mwanga ulianza kupepesa katika nusu yote ya chini ya mzunguko wa kitufe, dima ikatoa mvumo uliosikika hata televisheni ikiwa imewashwa, na taa mbili zikawa zinazimika mapema kuliko nyingine nne.

Chanzo cha mambo hayo kinafaa kuelezwa kwa urefu, kwa maana mafundi wengi humaliza suala zima kwa kusema kwamba LED hazipatani na dima, kauli ambayo si ya kweli. Umeme unaoingia nyumbani Kenya ni wa volti 240 na hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa kuwa kila mzunguko una nusu mbili, taa hupokea mapigo 100 ya umeme kila sekunde. Dima ya kawaida hupunguza mwanga kwa kukata sehemu ya kila pigo. Ile ya zamani, inayotumia kifaa kiitwacho traiaki, hukata mwanzo wa pigo: inasubiri, kisha inafungulia umeme ghafla wimbi likiwa limekwisha kupanda. Uzi wa balbu ya zamani hauathiriki na jambo hilo, kwa sababu una moto mwingi na hauwezi kupoa ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Dima za semikondakta zilibuniwa kwa ajili ya uzi huo. Joel Spira alitengeneza ya kwake New York mwaka 1959 na kuanzisha kampuni ya Lutron mwaka 1961, ilhali taa nyeupe ya LED haikuwezekana hadi ilipopatikana LED ya buluu yenye mwanga mkali katika miaka ya 1990, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo vifaa viwili tunavyovikutanisha kwenye waya mmoja vilitungwa kwa tofauti ya miongo mitatu hivi, kila kimoja bila kukitarajia kingine.

Ndani ya kila balbu ya LED mna draiva, yaani sakiti ndogo inayougeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme wa mkondo mmoja unaozifaa chembe za LED. Katika nyingi ya draiva hizo mna kapasita, kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme, inayojazwa mwanzoni mwa kila pigo. Umeme unapofunguliwa ghafla, kapasita huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi mno, na jambo hilo hurudiwa mara 100 kila sekunde. Huo ndio mvumo unaosikika kwenye dima na kwenye balbu. Ndiyo sababu pia watengenezaji wengi hushauri kwamba dima ya traiaki isipewe zaidi ya sehemu ya kumi hivi ya wati zilizoandikwa pale inapowasha LED: dima ya wati 400 ibebe LED za wati 40. Lakini traiaki inahitaji mkondo wa kutosha ili ibaki wazi hadi mwisho wa pigo, na mzigo ukiwa mdogo kuliko kiwango cha chini, hufunga na kufungua ovyo, na mwanga hucheza. Tazama basi hali ya sebule hii: wati 42 zilikuwa chini ya wati 60 ambazo dima ilizihitaji ili itulie, na papo hapo zilikuwa juu ya wati 40 ambazo ingeweza kuzibeba kwa usalama zikiwa za LED. Hapakuwa na idadi yoyote ya balbu za LED ambayo ingeiridhisha dima ile, na mwenye nyumba anayeongeza balbu ili kutibu kupepesa anajiongezea mvumo na joto.

Dima ya ukingo wa nyuma hufanya kinyume. Huruhusu pigo lianze kutoka sifuri na kupanda polepole, kisha hulikata mwishoni kwa kutumia transista, ambazo hazihitaji mkondo mkubwa ili zibaki wazi. Kapasita ya balbu hujazwa kwa upole, mvumo hutoweka au hupungua sana, na mzigo wa wati chache hautoshi kuivuruga. Anayetaka kuitambua dukani atafute herufi zilizochapwa kwenye mwili wa dima: R na L pamoja huonyesha ukingo wa mbele, yaani aina ile ya traiaki, R na C pamoja huonyesha ukingo wa nyuma, na R, L, C zote tatu huonyesha dima inayoweza kufanya kazi kwa njia zote mbili. Herufi hizo zina manufaa kuliko maneno makubwa yaliyo mbele ya boksi, kwa kuwa neno LED siku hizi huchapwa hata mahali lisipostahili.

Matokeo katika sebule yalionekana mara moja. Mvumo umekwisha kabisa kwenye ukuta, na kwenye dari unasikika kidogo mno, tena ukiikaribia taa usiku wakati nyumba imenyamaza. Taa zote sita huwaka pamoja na kuzimika pamoja. Mwanga hupanda taratibu unapowashwa badala ya kuruka, jambo ambalo mtengenezaji ameliandika kama faida kwa uhai wa balbu na ambalo mimi nalithamini zaidi kwa ajili ya macho.

Kuhusu mwanga unashuka kiasi gani, hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalielezi na ambalo linastahili kuangaliwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Boksi la balbu zangu za kwanza lilisema kwamba hufifia hadi asilimia 20, na nambari hiyo husikika kuwa ndogo. Macho ya binadamu, hata hivyo, hupanua mboni kadiri chumba kinavyoingia giza, hivyo wataalamu wa taa hukadiria kwamba mwanga ambao mita inaupima kuwa asilimia 20 ya mwanga kamili huonekana kama asilimia 45, na ule wa asilimia 10 huonekana kama asilimia 32 hivi. Balbu inayoishia asilimia 20 kwa hiyo itakupa sebule iliyo nusu tu ya ung'avu wake, hata dima iwe bora namna gani. Anayetaka mwanga wa kutazamia filamu au wa kumlaza mtoto atafute balbu iliyoandikwa kwamba hushuka hadi asilimia 5 au chini zaidi, ingawa bei yake huwa juu. Nilipobadilisha balbu na kuiacha dima ile ile mahali pake, tofauti ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoletwa na dima yenyewe.

Skrubu ya kurekebisha kiwango cha chini ni sehemu ninayoisifu zaidi katika bidhaa hii, na ni sehemu ambayo mtengenezaji ameieleza vibaya zaidi. Imefichwa nyuma ya kitufe, nayo karatasi ya maelezo ina mchoro mdogo usioonyesha igeuzwe upande gani. Kazi yake ni rahisi: kitufe huteremshwa hadi mwisho, kisha skrubu hugeuzwa polepole mpaka taa zote ziwe zimewaka bila kucheza, na baada ya hapo taa huzimwa na kuwashwa tena zikiwa katika kiwango hicho hicho cha chini, kwa sababu balbu nyingi huhitaji nguvu zaidi ili kuanza kuwaka kuliko ya kuendelea kuwaka. Zikikataa kuanza, skrubu huongezwa kidogo. Zoezi hili lifanywe jioni, wakati majirani wamewasha majiko na hita za kuogea, kwa kuwa volti zikishuka kidogo saa hizo mpangilio uliotulia mchana huweza kuanza kucheza.

Dima niliinunua katika duka dogo lililo barabara ya Luthuli, mahali ambapo karibu kila kaunta ina ubao wa kujaribia balbu, na desturi ya kukuwashia kitu kabla hakijafungwa ni jambo jema linalofaa kudumu. Mwuzaji alinishauri hivi: "Mzee, chukua balbu moja kwanza, ijaribu nyumbani na hii dima, halafu uje uchukue zile zingine." Ushauri huo ulikuwa bora kuliko jaribio la kaunta, maana balbu moja iliyotulia dukani haitabiri tabia ya balbu sita zilizo kwenye waya mrefu wa nyumbani, tena risiti nyingi za mtaa huo zimeandikwa kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi. Katika duka jingine, ambalo silitaji, nilihakikishiwa kwamba balbu yoyote ya LED hufifishwa. Si kweli. Balbu isiyo na draiva ya kufifishwa ikiwekwa kwenye dima itacheza, itakaa kwenye mwanga ule ule kisha izimike, au itaungua mapema, na nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini ni za aina hiyo. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ni ya lazima kuitafuta, lakini haisemi chochote kuhusu kufifishwa. Hilo huandikwa peke yake kwenye boksi, au kwa mchoro wa kitufe, na lisipoandikwa chukulia kwamba haliwezekani. Zaidi ya hayo, balbu zote za dima moja ziwe za kampuni moja na za aina moja. Balbu za aina mbili zilizochanganywa hufifia kwa mwendo tofauti, na hapo ndipo watu huilaumu dima isiyo na hatia.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua kama dima ndiyo mgonjwa. Kupepesa kunakotokea sehemu ya chini ya kitufe pekee huelekeza kwenye mzigo mdogo au draiva isiyopatana na dima. Njia ya kuthibitisha ni kuondoa balbu moja ya LED na kuweka ya halojeni mahali pake: nyingine zikitulia, basi dima ilikuwa inakosa mzigo. Kupepesa kunakotokea hata mwanga ukiwa juu kabisa ni habari nyingine, na mara nyingi huwa ni waya uliolegea, hasa nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwenye kiungio cha darini au kwenye swichi. Fundi aweke swichi ya kawaida badala ya dima kwa muda. Taa zikiendelea kucheza, dima haina kosa, na waya uliolegea hauwezi kuachwa, kwa kuwa ndio unaopata joto na kuanzisha moto. Kamera ya simu husaidia kuonyesha mistari ya kupepesa ambayo macho hayaioni, ila isifanywe hakimu wa mwisho, kwani huonyesha mistari hata kwa taa ambazo hazimsumbui mtu.

Tatizo ambalo dima hii haikuliondoa lote ni la taa kubaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa. Lilionekana kwenye taa moja ya kuning'inia juu ya meza ya chakula, ambako nilijaribu dima ya pili ya aina hii hii. Waya mrefu unaopita sambamba na waya wenye umeme hupokea mkondo mdogo kutoka kwa mwenzake, na swichi zenye kitaa cha kuonyesha zilipo gizani hupitisha mkondo mdogo pia. Kwa halojeni mkondo huo ulikuwa si kitu, lakini LED inaweza kung'aa kwa sehemu ndogo sana ya wati. Tiba ni kifaa kidogo chenye kapasita kinachofungwa kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro kwenye taa yenyewe, wala si kwenye swichi, ili mkondo huo upite hapo badala ya kupita katika balbu. Mtengenezaji angekijumuisha ndani ya boksi angestahili sifa zaidi. Kwa sasa hununuliwa peke yake, na si kila duka linalokijua.

Ugumu mwingine ni wa ukuta. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zina maboksi ya swichi yenye kina cha milimita 25, na dima hii, pamoja na nyaya zake, inahitaji milimita 35. Katika ukuta wa jiwe la kujengea la Ndarugo kuongeza kina ni kazi ya patasi na vumbi, na gharama yake haimo katika bei ya dukani. Asiyetaka kuvunja ukuta anaweza kuweka fremu ya kuinulia bamba la swichi, ambayo haipendezi sana lakini huipa dima hewa. Dima kuwa vuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, izimwe na mzigo upunguzwe. Dima mbili au tatu zikikaa kwenye bamba moja, hupashana joto, na kila moja lazima ipewe wati chache kuliko zilizoandikwa.

Kazi ya kuifunga ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na kuhakikishwa kwa testa. Kitufe cha dima kikiwa kimezimwa hakitoshi kuwa kinga, kwa kuwa dima nyingi za kielektroniki hazitenganishi waya kabisa. Mahali penye swichi mbili zinazotawala taa moja, kama kwenye ngazi, dima huwekwa upande mmoja tu na upande wa pili hubaki swichi ya kawaida ya njia mbili.

Wanaotumia betri na inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) stima inapopotea waangalie jambo hili kwa makini. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na dima, ambayo huhesabu wakati wake kutoka pale wimbi linapovuka sifuri, huchanganyikiwa: taa hucheza vibaya au hugoma. Kwa inveta ya mawimbi laini sebule hii imeendelea kama kawaida.

Kuna taa ambazo sipendekezi ziunganishwe na dima hii hata kidogo. Utepe wa LED unaozungushwa kwenye kingo za dari ya jipsamu hupata volti 12 au 24 kutoka kwa draiva yake, na draiva ya kawaida ikikatiwa umeme na dima ya ukutani itacheza au itaharibika; utepe unahitaji draiva iliyotengenezwa kwa kufifishwa, au kidhibiti kinachokaa upande wa volti ndogo. Balbu zinazotawaliwa kwa simu kupitia Wi-Fi nazo zina ufifishaji wake ndani, na lazima zipate umeme kamili wakati wote.

Jambo la mwisho ni rangi ya mwanga. Halojeni ilipopunguzwa iligeuka kuwa ya manjano ya joto, kwa sababu uzi ulikuwa unapoa, na watu wengi waliipenda dima kwa ajili ya rangi hiyo kuliko kwa ajili ya tokeni. LED ya kawaida ya kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga, kikiwa kidogo mwanga huwa wa manjano zaidi) hubaki na rangi ile ile ikishuka, hivyo mwanga mdogo huonekana wa kijivu na umepooza kidogo. Zipo balbu za LED zinazoteremka hadi karibu kelvini 1,800 kadiri zinavyofifia. Ni ghali, lakini juu ya meza ya chakula nimeona zinastahili bei yake, na kwa dima hii zimetulia tangu mwanga wa juu hadi wa chini kabisa.